Hakitupwi na Fimbo ya Miguu Mitatu

Shangazi yangu hauzi kitu asichojua kazi yake. Hiyo ndiyo sheria ya meza yake, na hajawahi kuivunja hata siku ambazo njaa ilimkodolea macho. Meza yenyewe iko kwenye kona ya soko, pale njia ya wauza vitunguu inapokutana na njia ya mafundi, na juu yake kumejaa vitu ambavyo watu wengine wamevichoka: pasi za mkaa, vitasa visivyo na funguo na funguo zisizo na vitasa, mizani iliyopoteza sahani moja, saa za ukutani, mashine ya kusagia nyama yenye mpini wa kuazima. Shika chochote, atakuambia kilikuwa kinafanya nini, kilikuwa kinakaa wapi ndani ya nyumba, na leo mtu mwenye akili anaweza kukitumia vipi. Ukicheka, atakunyang'anya.

"Hakitupwi kitu hapa," husema. Ndipo soko zima likamwita Hakitupwi, na jina likamganda hata nyumbani. Sisi watoto wa kaka yake nasi tunamwita Shangazi Hakitupwi, naye huitika bila kinyongo.

Mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Aliugua akiwa mdogo, akapona, mguu ukabaki nyuma. Yeye mwenyewe husema hivyo, kwamba mguu ulibaki nyuma, kana kwamba uko njiani unakuja na ipo siku utafika. Mtu akimtania juu ya mwendo wake, hujibiwa papo hapo. Wakati mmoja dereva wa mkokoteni alimwambia apishe kwa sababu anatembea kama meza mbovu. Shangazi akamwambia, "Meza mbovu huwekewa kikaratasi chini ya mguu ikatulia. Wewe ulimi wako tuuwekee nini?"

Lakini mambo mawili yalimshinda ulimi. La kwanza, akiwa na watu wengi hutembea wa mwisho, ili asiwepo mtu nyuma yake wa kumtazama. La pili ni magauni. Kila gauni aliloshonewa liliburura upande wa kushoto na kupanda upande wa kulia. Alikuwa na fundi wake, mzee mwenye cherehani pembeni tu ya meza yake, rafiki na mtani wake tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Fundi huyo alimshonea kwa uangalifu, akalitandaza gauni mezani, akalikunja katikati, pindo likalingana kama kurasa za kitabu. Shangazi akilivaa, linaburura.

Siku moja fundi aliropoka, "Dada, kosa si la gauni."

Shangazi alinuna mwezi mzima. Kila mmoja alikuwa akikaa hatua chache kutoka kwa mwenzake, na salamu zao zikapitia kwa muuza vitunguu. Kisha wakapatana, bila mmoja wao kulitaja tena gauni.

Sasa nije kwenye fimbo.

Ilikuja ndani ya gunia, pamoja na masufuria na fremu za picha, kutoka nyumba ya bibi mmoja aliyefariki ambayo wajukuu wake walikuwa wakiibomoa. Mwokota vyuma aliyeleta gunia hakujua lolote. Ilikuwa fimbo ya mbao, nyembamba na bapa kama rula, iliyosimama juu ya kitako kizito cha chuma chenye miguu mitatu. Ilimfikia mtu pajani. Ubavuni ilikuwa na namba za inchi, zimeanza na moja kule chini kabisa karibu na sakafu. Kikopo kidogo cha bati kilipanda na kushuka juu yake, na kilikuwa na skurubu ya kukikaza popote unapotaka. Mbele ya kikopo palikuwa na mwanya mwembamba uliolala, kama mdomo wa mtu aliyenuna. Nyuma yake ulining'inia mrija wa mpira uliokauka na kukatika, na mwisho wa mrija hapakuwa na kitu.

Shangazi aliisimamisha katikati ya meza, akaizunguka.

"Hii ilikuwa na kazi," akasema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hakuna mtu anayeandika inchi juu ya kitu cha bure."

Basi majirani wakaja kutabiri, na kila ndege akaruka kwa ubawa wake. Kinyozi alisema ni ya kinyozi, ya kumpulizia mteja manukato shingoni.

"Shingo ya nani?" Shangazi akamuuliza. "Mbona inaishia pajani? Unanyoa mbuzi siku hizi?"

Fundi bomba alisema ni pampu. Muuza vitunguu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka kituo cha mabasi, alisema ni ya kupulizia dawa ya wadudu kwenye miche. Muuguzi aliyepita kununua kitasa alisema labda ni ya kupimia urefu wa watoto, lakini hata yeye hakujua kikopo ni cha nini. Fundi cherehani alivua miwani, akaivaa tena, akasema ni pampu ya kunguni.

"Kunguni wako wanapimwa kwa inchi?"

"Wa kwangu ni wakubwa, dada."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule na nilishinda sokoni nikisubiri majibu ya kazi. Niliipiga picha kwa simu, nikaiuliza simu. Simu ikajibu kwamba ni stendi ya kipaza sauti. Shangazi akaisogelea fimbo, akaiambia, "Haloo, haloo, mnanisikia huko nyuma?" Watu wakacheka, nami nikairudisha simu mfukoni.

Ingebaki kuwa mzaha kama mwenyekiti wa soko asingepita.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mipango, na katika mipango yake kona ile ilikuwa na kibanda cha vioo cha muuza vifaa vya simu. Kwa muda mrefu alikuwa akitafuta sababu. Asubuhi ile aliishika fimbo kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya mkiani, akaiinua watu wote waione.

"Mama, hii ni nini?"

"Bado sijaijua," Shangazi akajibu.

"Bado? Basi ni takataka."

"Usichokijua si takataka, mwenyekiti. Ni usichokijua tu."

"Mama, soko si wodi ya kulaza vyuma. Sheria yako mwenyewe nimeisikia, kwamba huuzi usichokijua. Basi mimi nitakuhukumu kwa sheria yako." Akageuka ili majirani wamsikie vizuri. "Kwenye kikao cha wafanyabiashara, useme hii ni nini na inafanya kazi gani, na uthibitishe. Ukiweza, meza ni yako na sitaigusa tena. Ukishindwa, kona hii ninaigawa."

"Mmesikia?" Shangazi akawauliza majirani. "Amesema meza ni yangu na hataigusa tena."

"Tumesikia!" wakaitikia, na sauti ya muuza vitunguu ikawa juu ya zote.

Nilidhani angeogopa. Ile meza ndiyo iliyonisomesha mimi na ndugu zangu baba yetu alipokosa kazi, na hakuwa na kitu kingine duniani. Lakini yeye alichukua kitambaa akaanza kuifuta fimbo vumbi, polepole, huku akipiga mluzi.

Siku chache kabla ya kikao mwenyekiti alirudi, peke yake safari hii, akakalia ndoo iliyofunikwa na kusema kwa sauti ya chini.

"Mama yangu, tusigombane. Sema ni pambo. Kuna watu wa mahoteli wanaweka vitu kama hivi ukumbini, wanafungia taa juu yake. Sema meza yako ni ya mapambo, nikuandike upande wa wauza mapambo, kule nyuma. Utabaki sokoni. Nani ataumia?"

Lilikuwa pendekezo zuri. Nitasema ukweli, nilimkanyaga Shangazi mguu chini ya meza ili akubali. Aliuondoa mguu wake.

"Hii si pambo."

"Unajuaje, na hujui ni nini?"

"Tazama hapa." Akamwonyesha mahali ambapo mbao ilikuwa imelainika na kung'aa, karibu na ile skurubu. "Hapa kuna mkono wa mtu. Mtu ameshika hapa maisha yake yote. Kitu kilichofanya kazi hakiitwi pambo kwa sababu wewe na mimi ni wajinga. Na mimi pia sirudi nyuma kukaa kwenye mapambo."

"Ukaidi huo, mama."

"Ndio niliokuja nao sokoni. Nenda salama, mwenyekiti."

Alipoondoka nilimwambia Shangazi kwamba amekata tawi alilokalia. Akaniambia, "Mwanangu, wamekusomesha kujibu maswali. Hawakukufundisha kukaa na swali bila kulidanganya?" Nikaenda kununua chai.

Swali lilijibika mchana wa siku iliyofuata, saa ambazo jua hufukuza wateja. Shangazi alikuwa amekifungua kikopo na alikuwa akikwangua ndani yake kwa pini ya nywele. Unga mweupe ulimdondokea vidoleni. Aliunusa. Haukuwa na harufu ya dawa. Akajifuta mkono kwenye gauni lake la buluu iliyokoza bila kufikiri, akaendelea kukwangua.

Fundi cherehani aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Dada, umejipaka tena chaki yangu."

"Sijagusa chaki yako."

"Mimi sijui chaki? Hiyo hapo pajani. Ikung'ute itoke."

Shangazi akaikung'uta. Ikatoka yote, bila kuacha doa, kama inavyotoka chaki ya fundi. Akatazama kiganja chake. Akamtazama fundi. Fundi akausimamisha mguu wake juu ya pedali, na cherehani ikanyamaza.

"Chaki," Shangazi akasema. "Ndani ya kikopo chenye mdomo mwembamba, juu ya inchi zinazoanzia sakafuni. Na nyuma mrija wa pumzi."

"Pumzi ya kupulizia chaki," fundi akasema.

"Kupulizia wapi?" Shangazi akauliza.

Alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza, ambako hakuna kitu kinachotupwa, akaibuka na honi ya baiskeli, ile ya mpira wa kubonyeza. Aling'oa mpira akauunga kwenye mrija kwa uzi na kipande cha tyubu. Fundi alisaga chaki yake kwa kitako cha chupa, akakijaza kikopo. Walifanya haya yote bila kuzungumza, mtu na mtani wake, na mimi nilishikilia kikombe changu cha chai mpaka ikapoa.

Shangazi aliiweka fimbo sakafuni, akasimama kando yake, akabonyeza mpira. Fimbo ikatoa pumzi, fuu, na juu ya gauni la buluu, chini kidogo ya goti, ukatokea mstari mweupe, mfupi, mwembamba, ulionyooka kabisa.

"Mama wee," fundi akasema. "Ni ya pindo. Inapima pindo mtu akiwa amelivaa gauni. Kutoka sakafuni!" Akajipiga paji la uso. "Sisi tulifundishwa kupima kutoka kiunoni na kulinganisha mezani. Haya, nipe huo mpira. Zunguka."

Akakiteremsha kikopo mpaka karibu na pindo, akakaza skurubu. Shangazi akazunguka kidogo kidogo, na kila alipotulia fundi alibonyeza. Fuu. Fuu. Ghafla akaacha.

"Dada. Simama."

"Si nimesimama?"

"Umesimama kwa kidole. Teremsha kisigino."

Nilitazama chini. Ni kweli. Kisigino cha mguu wa kushoto kilikuwa hewani, kimejificha nyuma ya pindo, na nyonga zake mbili zilikuwa zimelingana. Hapo nikaelewa kwamba hivyo ndivyo alivyosimama kila alipopimwa, tangu ujana wake. Alisimama kama mwanamke mwenye miguu miwili iliyo sawa, na fundi akamshonea mwanamke huyo, ambaye hakuwahi kuwepo. Kisha Shangazi akateremka akaenda zake na gauni la mtu mwingine.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Nilikuwa najua."

"Miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje? Mtu amesimama kwa heshima yake, nimwambie teremka? Siku ile nilipojaribu, nilinuniwa mwezi mzima, nikasalimiwa kupitia kwa muuza vitunguu."

"Ulisema kosa si la gauni! Nilidhani unasema kosa ni la mguu!"

"Nilikuwa nasema kosa ni la kidole, dada."

Nilidhani wangegombana upya. Shangazi akashusha kisigino. Akakikanyagisha sakafuni chote, nyonga ikashuka, bega likafuata, akasimama hivyo mbele ya fundi, mbele yangu, mbele ya njia ya vitunguu iliyokuwa imeanza kujaa watazamaji.

"Pima," akasema. "Na asiyependa kutazama ageukie vitunguu."

Fundi akapima. Mstari ulipokamilika tuliuona wote. Upande wa kulia ulipita ukingoni kabisa mwa pindo. Upande wa kushoto ulipita vidole vitatu juu ya ukingo, na hivyo vidole vitatu ndivyo vilivyokuwa vikiburura siku zote.

"Kwa hiyo gauni ndilo limepinda," Shangazi akasema.

"Gauni limepinda."

"Na mimi je?"

Fundi alitafuta sindano. "Wewe uko kama ulivyo. Sakafu ndiyo iliyonyooka, na sisi tulikuwa hatuiulizi."

Alimkunjia pindo palepale, kwa mkono, kwa kufuata ule mstari.

Kikao kilifanyika asubuhi kwenye banda la mizigo, kabla milango ya soko haijafunguliwa. Watu walikalia magunia na makreti. Shangazi aliingia wa mwisho kama kawaida yake, amebeba fimbo begani, amevaa gauni la buluu. Mwenyekiti alisoma ajenda, akafika kwenye kona, akavua kofia.

"Haya, mama. Hii ni nini?"

"Kipima pindo," Shangazi akasema.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Kwenye kazi yake. Simama nikuonyeshe, mwenyekiti. Tuone kama miguu ya suruali yako inalingana."

"Mimi sipimwi!"

Kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha waliosinzia. Muuza vitunguu hakusubiri kuitwa. Alijisogeza mbele, akajishika kiuno.

"Nipime mimi. Gauni langu mbele linapanda kama pazia la dukani, nyuma linafagia."

"Ni hilo tumbo," kinyozi akasema.

"Tumbo limekuomba chakula? Nyamaza!"

Shangazi akaiweka fimbo, fundi akabonyeza, fuu, mama wa vitunguu akazunguka kwa madaha kama bibi harusi, na mstari ukamzunguka. Mbele mstari ulikuwa ukingoni kabisa, nyuma ulikuwa juu ya ukingo kwa kiganja kizima. Watu wakasimama juu ya makreti ili waone. Mwanamke mmoja akapaza sauti kwamba anataka kupimwa na yeye, mwingine akasema yeye kwanza.

Mwenyekiti aligonga meza. "Sawa, sawa! Tumeona. Lakini nani atanunua kitu kizee namna hii?"

"Hakiuzwi."

"Kama hakiuzwi, kinafanya nini mezani?"

"Kilikuwa mezani kikisubiri kujulikana. Sasa kimejulikana, nimejiuzia mwenyewe. Hukusema kiuzwe, mwenyekiti. Ulisema nikitaje na nithibitishe, na kwamba ukiridhika hutaigusa tena meza yangu."

"Tulisikia!" mama wa vitunguu akasema, angali na chaki gaunini.

"Tulisikia," fundi bomba akasema. Kinyozi akasema hivyohivyo, na mpaka wale ambao hawakuwepo siku ile wakasema wamesikia.

Mwenyekiti aliwatazama, akaitazama fimbo, akavaa kofia yake. Akafunua ukurasa.

"Ajenda inayofuata," akasema. "Mtaro wa maji machafu."

Walijadili mtaro mpaka jua likapanda. Mtu mmoja alimpisha Shangazi kreti akae, naye akakataa. Alisimama muda wote ule, visigino vyote viwili chini, bega moja juu na jingine chini, na pindo la gauni lake lililala sawasawa na sakafu.

Fundi alimnong'oneza kwamba angependa kuiazima fimbo kwa ajili ya wateja wake.

"Waje mezani kwangu," akajibu bila kugeuka. "Na wewe uje na chaki yako. Nani alikuambia ni pampu ya kunguni?"

Kikao kilipofungwa watu walisimama kujikung'uta, wakingojea mwenzao aanze kutoka. Nilibaki pembeni nikimsubiri Shangazi, kwa kuwa najua yeye na mimi hutoka wa mwisho. Akanipita. Aliwapita wauza vitunguu na mafundi, akafika mlangoni, akaiweka fimbo yake begani na kutoka wa kwanza, anayumba upande huu na upande ule mbele ya soko zima, na sisi wote tukiwa nyuma yake.

Alipofika katikati ya njia akatugeukia.

"Mbona mnajikokota?" akasema. "Au mmekaa kunitazama? Tazameni huku mnatembea, milango ifunguliwe!"